Kushusha Springi za Gari na Hatari ya Kupinduka

Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama vile Land Rover na Land Cruiser, yaliundwa yakiwa na kimo kirefu ili tumbo lisigote mawe. Kimo hicho kina hasara yake: katika kona, magari hayo hupinduka upesi kuliko gari dogo la chini. Ndiyo maana wako wenye magari wanaokata springi ili kuyashusha. Hebu tuipime kazi hiyo kwa fizikia ya sekondari.

Uzito wote wa gari twaweza kuuhesabu kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, paitwapo kitovu cha uzito. Gari likikata kona, msuguano huyavuta matairi kuelekea ndani ya kona, na bodi, kwa kutaka kuendelea kunyooka, huegemea nje. Kimo cha kitovu kutoka ardhini husaidia kulipindua. Nusu ya upana baina ya matairi ya kushoto na ya kulia husaidia kulizuia. Tuchukue gari la kilo 2,000, lenye nusu-upana wa sentimita 75 na kitovu kilicho sentimita 80 kutoka ardhini. Ukigawanya 75 kwa 80 utapata 0.94: kani ya ubavuni ikifikia sehemu hiyo ya uzito wa gari, magurudumu ya ndani huinuka. (Kwa kweli huinuka mapema zaidi, kwa kuwa bodi huinama juu ya springi zake.)

Sasa fundi amelishusha kwa sentimita 5. Ekseli na magurudumu yapo palepale. Ikiwa hivyo ni sehemu moja ya tano ya uzito wote, kitovu kimeshuka sentimita 4 tu, na jawabu letu ni 0.99. Faida ipo, lakini ni ndogo.

Hasara imejificha ndani ya springi. Land Rover za tangu 1948 zilikuwa na springi za mabamba. Za koili zilikuja na Range Rover ya 1970, kisha One Ten ya 1983. Tuseme koili ina mizunguko 8 na urefu wa milimita 400 isipobebeshwa kitu, nayo hubonyea milimita 1 kwa kila niutoni 25. Ikibebeshwa niutoni 5,000 hubonyea milimita 200, na urefu unaobaki ni milimita 200. Kata mizunguko 2: urefu sasa ni milimita 300, lakini koili imekuwa ngumu zaidi, na kila milimita yahitaji niutoni 33. Uzito uleule huibonyeza milimita 150, zikabaki 150. Tumekata milimita 100, na gari limeshuka 50 tu!

Aidha, nafasi ya ekseli kupanda kabla ya kugonga mpira wa kizuizi imepungua kwa sentimita 5. Mpira ukigongwa katikati ya kona yenye mashimo, tairi huruka na kupoteza mshiko pale hasa unapohitajika. Gurudumu likining'inia shimoni, koili iliyofupishwa yaweza kulegea na kutoka kitakoni mwake. Baadhi ya magari yana pia vali ya breki inayopima mzigo kwa umbali baina ya bodi na ekseli ya nyuma. Gari likishushwa, vali hufanya kazi kana kwamba limebeba mzigo, huzidisha breki za nyuma, na magurudumu hayo yaweza kujifunga na kuteleza.

Turudi kwenye kitovu. Gari letu, kabla ya kukatwa springi, lipakiwe kilo 200 za magunia kwenye keria, mita 2 kutoka ardhini:

(2,000 × 80 + 200 × 200) ÷ 2,200 = sentimita 91.

Jawabu la kona sasa ni takriban 0.82. Mzigo huohuo ukiwekwa ndani, kwa kimo cha sentimita 80, kitovu hakipandi kabisa. Kwa hiyo aliyeuteremsha amepata sentimita 11 bila kushika msumeno, na yule fundi amepata 4. Gari la shule linaloteremka Kitonga likiwa na magodoro kwenye keria, na vijana wawili wameketi juu ya magodoro hayo, halihitaji fundi wa springi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kisanduku chembamba cha mbao kilichosimamishwa wima juu ya ubao, na kijiti kilichopigiliwa mbele ya ukingo wake wa chini kisiteleze. Kifungiwe jiwe chini, ubao uinuliwe polepole hadi kisanduku kianguke, na pembe ipimwe kwa kipimapembe. Kisha jiwe lifungwe juu, na pembe ipimwe tena.