Acheni majani ya mahindi mpaka punje zijae

Mtoto aliyekulia kijijini anajua kuchagua bua la kutafuna. Havunji lolote tu. Anatafuta lile ambalo halikubeba, lililosimama na majani yake yote lakini makwapani hamna hindi. Mara nyingi bua hilo huwa limeanza kupata wekundu wa zambarau, hasa kwenye mshipa mkuu wa jani na kingo zake. Ukilimenya na kulitafuna ni tamu, linakaribia muwa. Jirani yake lenye hindi nene ni chapwa.

Utamu huo ni sukari iliyokosa pa kwenda. Majani ya bua lisilobeba yanafanya kazi ile ile ya jirani yake: yanapata jua lile lile na yanatengeneza sukari kila siku, ila hakuna punje za kuipokea. Basi sukari inarundikana kwenye bua, na ikizidi hata jani linabadilika rangi. Kwenye bua lililobeba, sukari hiyo imeshahamia kwenye hindi na kugeuzwa wanga. Huo ndio unga wa kwenye debe lako mwezi wa tisa.

Nimeona nianze hapo kwa sababu ya kinachofanyika sasa, mwezi wa sita. Mvua za masika zinaishia. Kilimanjaro, Arusha, Tanga na sehemu kubwa ya Morogoro, mahindi yaliyopandwa mwezi wa tatu yameshatoa mbelewele na ndevu, na mengi yako kwenye maziwa. Wakati huo huo nyasi za kando ya njia zinaanza kukauka, na mfugaji wa ng'ombe wa ndani anaangalia shamba lake la mahindi, anaona majani mabichi, mapana, ya bure. Anaanza kuyanyofoa. Ndugu mkulima, majani hayo si ya bure. Wiki hizi ndizo yanapolipa deni la msimu mzima.

Tuelewane kwanza jani linafanya nini. Linachukua maji yaliyopandishwa na mizizi, linachukua hewa ya ukaa inayoingia kupitia vitundu vidogo sana vya kwenye ngozi ya jani, na kwa nguvu ya mwanga linatengeneza sukari. Shuleni tulifundishwa kuiita kazi hii usanisinuru. Ukiona mahindi yamejikunja majani saa sita mchana, jua kwamba maji hayatoshi na vitundu vimefunga ili kuokoa kidogo kilichopo. Vikifunga, hewa haiingii, na utengenezaji wa sukari unashuka hata kama jua linawaka. Mchana wenye mwanga na unyevu wa kutosha, jani hutengeneza sukari kuliko linavyoweza kuisafirisha, kwa hiyo sehemu yake huwekwa akiba humo humo ndani ya jani kama wanga. Giza likiingia, wanga huo huvunjwa tena na sukari huendelea na safari. Punje zinajazwa usiku na mchana.

Safari yenyewe inastahili kuelezwa, maana ukishaijua utaelewa mambo mengi ya shambani yanayoonekana hayahusiani. Sukari husafiri ikiwa imeyeyuka kwenye maji, na katika mazao yetu mengi ni sukrosi, ile ile tunayotia kwenye chai. Hupita kwenye mirija myembamba iitwayo floemu. Mwaka 1930 Mjerumani Ernst Münch alieleza kinachoisukuma. Jani linapopakia sukari ndani ya mirija, maji huifuata na shinikizo hupanda. Upande wa pili punje zinaitoa sukari hiyo, maji yanatoka nayo na shinikizo hushuka. Kwa hiyo utomvu unatembea kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo, kama maji ndani ya mpira wa kumwagilia uliofunguliwa mwisho. Mwendo wake ni wa wastani wa mita 1 hivi kwa saa. Bila jani la kupakia hakuna msukumo, na bila punje za kupokea hakuna mahali pa kwenda.

Vidukari wanaijua mirija hii kuliko sisi. Mdudu huyu anachoma mdomo wake moja kwa moja ndani ya floemu, na shinikizo la mmea wenyewe linamlisha. Sukari inayomzidi anaitoa nyuma kama matone yenye kunata, na juu ya matone hayo huota ukungu mweusi mfano wa masizi. Ukiyaona masizi hayo kwenye mchicha, kwenye maharage au kwenye mbelewele za mahindi, usihangaike na ukungu. Geuza jani utafute vidukari, au wadudu wengine wanaofyonza.

Mambo ya miti ya matunda nayo yako hapa. Maji hupanda kwa mirija mingine iitwayo zailemu, ndani kwenye mti wenyewe, lakini sukari hushuka kwenye mizizi kupitia sehemu ya ndani ya ganda. Karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi alibandua pete ya ganda kuzunguka shina, akaona sehemu ya juu ya jeraha inavimba na ya chini haivimbi. Leo tunaona jambo hilo hilo mbuzi anapoguguna ganda la mparachichi, au waya wa uzio unapoachwa umekaza shina la mwembe miaka nenda rudi. Mti hubaki na majani mabichi kwa muda mrefu kwa sababu maji bado yanapanda, na mwenye shamba anaamini umepona. Chini, mizizi inakufa njaa. Wiki hii pita kwenye miti yako, legeza kila kamba na kila waya, na mbuzi wafungwe kwenye kigingi.

Turudi kwenye mahindi. Kila uzi mmoja wa ndevu umeunganishwa na punje moja. Punje zikishachavuliwa, katika wiki mbili hivi za mwanzo mmea unaamua zingapi utazilea. Sukari ikipungua kwa sababu ya ukame, kivuli, msongamano au majani kuliwa, punje za nchani ndizo zinazotupwa kwanza. Wengi mnapomenya hindi na kukuta ncha tupu mnalaumu mbegu. Mara nyingi sana mbegu haina kosa. Sukari haikufika mpaka kule mwisho. Baada ya wiki hizo, idadi ya punje imeshapangwa na kinachobaki ni uzito wake.

Hapo majani yanatofautiana thamani. Jani lenye hindi kwenye kwapa lake na yale yaliyo juu yake ndiyo yanayolisha hindi kwa sehemu kubwa, kwa kuwa yapo karibu na yanapata jua. Yale ya chini kabisa, yaliyo kwenye kivuli, hulisha zaidi mizizi na sehemu ya chini ya bua. Mkulima akinyofoa majani kuanzia juu kwa sababu ndiyo mabichi na laini, amekata pale pale panapouma. Marekani, wakadiriaji wa hasara ya mvua ya mawe wana jedwali wanalotumia mashambani. Mahindi yakipoteza majani yote wakati mbelewele zinatoka, wanahesabu mavuno yote yamepotea. Majani yote yakipotea punje zikiwa kwenye maziwa, hasara ni karibu asilimia 60. Panga haliharibu pungufu ya mawe.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana siku ile. Punje zikishaanza kujaa hazikubali kukosa. Majani yakipungua, mmea hunyonya sukari iliyowekwa akiba kwenye bua na kuipeleka kwenye hindi. Bua linabaki jepesi, linashambuliwa na magonjwa ya kuoza, na upepo wa kwanza unalilaza. Hindi lililolala chini ni la mchwa na panya.

Ng'ombe ale nini, basi? Swali la haki kabisa, na jibu la kwanza liko kwenye mistari yako mwenyewe. Pita ukate mabua yote ambayo hayakubeba. Hayana hindi la kulisha, yanakula mbolea na maji ya wenzao, na yamejaa sukari. Ng'ombe atayapenda kama watoto wanavyoyapenda. Fuatisha majani mawili au matatu ya chini ambayo yameshaanza kuwa ya njano. Palilia tena, na magugu yasiyo na madhara kwa mifugo yaende zizini. Vilele vya mahindi, yaani sehemu yote iliyo juu ya hindi, ni malisho mazuri pia, lakini subiri dalili.

Dalili ni doa jeusi. Chukua punje ya katikati ya hindi, ing'oe kwenye gunzi, kisha kwangua kitako chake kwa ukucha, pale ilipokuwa imeshikilia. Ukiona utando wa kahawia iliyoiva au mweusi, mlango umefungwa: hakuna sukari nyingine itakayoingia. Kwa wakati huo punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hadi 35, kwa hiyo usiivune ukaitia ghalani. Unyevu wa kuhifadhi ni asilimia 13 hivi. Lakini majani sasa ni yako. Kabla ya hapo unaweza kufuatilia mwendo kwa kuvunja hindi katikati na kutazama kipande cha upande wa ncha. Kwenye mgongo wa punje utaona mstari unaotenganisha sehemu ngumu ya wanga na sehemu laini ya maziwa. Mstari huo unaanza juu ya punje na kushuka kuelekea kwenye gunzi. Ukiwa nusu, bado kuna uzito unaoingia. Vumilia.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016, mkazo uwe kwenye mahindi yaliyochelewa kupandwa, ambayo bado hayajatoa mbelewele. Ukaguzi ufanyike asubuhi mapema, kwenye moyo wa mmea, kabla jani ambalo ndilo litakalolisha hindi halijatafunwa likiwa bado limekunjwa.

Wenye migomba, neno hili linawahusu zaidi ya mnavyodhani. Mgomba ukishatoa mkungu hautoi jani jingine. Majani uliyo nayo siku hiyo ndiyo yatakayojaza ndizi kwa miezi 3 hadi 5 inayofuata, kutegemea na baridi ya mahali. Ushauri wetu ni kwamba mkungu unapochomoza, mgomba uwe na majani mazima yasiyopungua 8. Kwa hiyo majani ya kufunikia, ya kulishia na ya kupangia sokoni yachukuliwe kwenye migomba iliyokwisha kukatwa mkungu. Yaliyokauka au yenye madoa ya ugonjwa yaondolewe, maana hayo hayalishi kitu. Shina liwe na mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yang'olewe yakiwa madogo, kwa kuwa chipukizi changa hunyonya kwa mama mpaka lipate majani mapana ya kwake. Kichane cha mwisho kikishajitokeza, vunja ua dume kwa mti wenye panda, usitumie panga. Sukari iliyokuwa ikienda kwenye ua inabaki kwenye ndizi, na umeziba njia moja ya mnyauko bakteria, ambao hubebwa na nyuki na wadudu wengine kutoka ua hadi ua, na panga lisilosafishwa huubeba vile vile.

Kwenye mihogo na viazi vitamu wapokeaji wako ardhini. Kisamvu na matembele ni mboga njema, sisemi muache. Chuma kidogo kwa kila shina na uhame, usirudie shina lile lile kila wiki. Muhogo ulionyang'anywa majani huchipua upya kwa kutumia wanga uliokwisha kuuweka kwenye mizizi, na ndiyo maana pia muhogo uliochimbwa wiki chache baada ya mvua kurudi huwa na maji na haupikiki vizuri. Viazi vitamu vilivyotiwa mbolea ya naitrojeni kwa wingi huota majani ya kupendeza na kuweka viazi vidogo. Kinachokosekana mara nyingi ni potasiamu, ambayo husaidia kupakia sukari kwenye floemu. Majani ya zamani yanayokauka kingo kuanzia nchani ndiyo ishara yake. Majivu ya kuni, yakimwagwa kwa kiasi mahali pasipo na chumvi, yana potasiamu ya kutosha kuanzia.

Kahawa ya mlimani iko kwenye kipindi kigumu kuliko yote. Mbuni hauna tabia ya kuangusha matunda yanayozidi kama ufanyavyo mwembe. Yakishashika, unayabeba mpaka mwisho. Mwaka wa matunda mengi majani hayatoshi, mizizi na ncha za matawi zinakosa sukari, matawi yanakauka kuanzia nchani, na mwaka unaofuata unavuna kidogo. Kutu ya majani ikiingia wakati huo inapukutisha hata yale majani machache. Ondoa maotea sasa, yangali laini ya kuvunjwa kwa mkono, kwa sababu kila otea linakula chakula cha tunda. Samadi iwekwe kabla udongo haujakauka. Lakini tawi lenye matunda lililoanza kukauka ncha usilikate leo. Majani yaliyobaki juu yake bado yanalisha matunda yale, na mkasi unaweza kusubiri mpaka cheri ya mwisho ichumwe.