SOMO LETU: PICHA ZA SIKU YA MATEMBEZI

Safari hii somo ni juu ya kupiga picha. Msishangae. Katika maboma mengi ya Migori na Homa Bay, picha ya mzee ni ile moja tu ya kitambulisho. Akifariki ndiyo inakimbizwa studio ikakuzwe kwa ajili ya matanga. Mzee amekunja uso, hana hata mjukuu karibu. Picha nyingine tumepigwa na wageni wa miradi, na wao macho yao huenda kwenye kisima kibovu na mtoto asiye na viatu. Ile siku nyumba nzima imevaa vizuri na inacheka, nani ameiweka?

Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, Evans-Pritchard, alipiga picha nyingi katika nchi ya Wajaluo. Zikawekwa Oxford, katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers. Ni mwaka 2007 ndipo nakala za picha za zamani za jumba hilo zililetwa Nyanza wananchi wazione, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale. Hesabuni wenyewe: miaka 71. Wajukuu wa waliopigwa wangeziona wapi?

Basi tufanye zoezi. Chagueni familia moja ya kikundi inayokwenda kutembea, tuseme kutoka Rongo mpaka ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Simu moja yenye kamera inatosha. Ila ipite mikononi mwa wote, kwa sababu mwenye kushika kamera haonekani kwenye picha, na mara nyingi mama naye hukosekana kwa kuwa yuko jikoni. Anzeni huko huko jikoni: viazi vitamu vinafungwa, viatu vinapigwa rangi, mtoto analia hataki kuachwa. Halafu stagi, watu wakibishana nauli na makanga. Sisi tunaona asubuhi ina picha nzuri kuliko ziwa lenyewe.

Mkifika, jua la saa sita hufanya nyuso ziwe nyeusi chini ya kofia. Tafuteni kivuli, na msogee karibu. Flamingo wakiwepo wapigeni, lakini msiwasahau watu. Nyanya atasimulia jinsi kijiji kilivyozama baada ya kumnyima bikizee mahali pa kulala usiku wa mvua. Kamera itashika mkono wake ukionyesha maji. Maneno haitayashika, kwa hiyo yaandikeni jioni hiyo hiyo, jinsi alivyosema yeye, hata kama ni kwa Kijaluo.

Simu huibiwa, na huanguka majini. Toeni picha kumi studio. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli: majina yote, nani ni nani kwa nani, mahali, tarehe, na aliyepiga. Picha isiyo na majina, baada ya miaka thelathini ni ya mgeni tu.

Picha ya mtoto isitumwe kwa mfadhili wala kwenye WhatsApp kabla mzazi hajakubali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inadai idhini ya mzazi au mlezi.

Mkutano ujao zungusheni zile kumi. Familia yenyewe iseme zipi zibaki katika albamu ya kikundi, na albamu ilale kwa nani. Mtu akisema yake isionyeshwe, itolewe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.