SOMO LA MWEZI: KANGA NA MWISHO WA UTUMWA



Tulipokuwa tukipanga maandamano ya Mei Mosi, akina mama wa tawi letu hapa Tororo waliomba kuvaa leso na vitenge. Ndugu mmoja akapinga: "Sisi ni wafanyakazi, si kikundi cha ngoma. Tuvae ovaroli." Kabla ya kuamua, tujifunze habari za nguo hiyo.

1. Nguo ya mtumwa

Kule Unguja na Pemba mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Mtumwa alijulikana kwa nguo yake. Alivaa merikani, kitambaa kikavu cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki, yaani nguo iliyotiwa rangi nyeusi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu ilikuwa heshima ya waungwana.

2. Nguo ya mtu huru

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuukomesha. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922.

Waliopata uhuru, hasa wanawake, waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi na maua. Hakuna aliyewaamuru. Walinunua kwa jasho lao, na kila aliyewaona alifahamu: huyu si mali ya mtu tena.

3. Jambo ambalo nguo haikuleta

Amri ile ya 1897 ilitoa fidia. Ilimlipa nani? Bwana, si mtumwa! Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende kuuomba mbele ya korti. Shamba hakupewa. Wengi walibaki chini ya mikarafuu ile ile, wakitoa siku zao za kazi ili waruhusiwe kukaa.

4. Wenzetu wa mbali

Trinidad na Tobago nao walikuwa watumwa wa mashamba ya miwa. Sheria ya kuwaachia ilianza tarehe 1 Agosti 1834, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838. Tangu 1985 siku hiyo ni sikukuu ya taifa, na watu wengi huvaa nguo za Kiafrika kuwakumbuka wazee wao.

5. Funzo

Ndugu yetu aliyepinga ana neno. Leso haiongezi mshahara. Lakini asiyejiona kuwa mtu hawezi kudai haki ya mtu. Basi akina mama wavae leso zao, na sisi sote tubebe bango moja: kibarua apewe mkataba wa maandishi.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Kwa nini fidia alilipwa bwana?
(b) Kibarua asiye na mkataba ana tofauti gani na yule aliyebaki chini ya mikarafuu?
(c) Tawi lako litavaa nini Mei Mosi, na litadai nini?

Umoja ni nguvu.