Dawa Mbili Katika Kidonge Kimoja

Kwa nini tabibu ampe mgonjwa kidonge kimoja chenye dawa mbili za maumivu? Jibu limo katika njia zinazotumiwa na dawa hizo mwilini. Dawa za jamii ya afyuni, yaani zile zitokanazo na utomvu wa mmea wa kasumba au zilizotengenezwa kwa kuuiga, hushika vipokezi maalumu vya ubongo na uti wa mgongo, mithili ya ufunguo katika kufuli, na kupunguza habari za maumivu zipitazo. Parasetamoli hupita njia nyingine. Zikiunganishwa husaidiana, na kiasi cha afyuni kinachohitajika huweza kupungua. Hoja hiyo si mbaya.

Mchanganyiko unaojulikana sana ni wa parasetamoli na kodeini. Marekani hutumia pia ule wa haidrokodoni na ule wa oksikodoni. Je, upi bora? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifanywa New York kwa wagonjwa zaidi ya 400 waliofika hospitalini kwa dharura, wakiwa na maumivu makali ya mikono au miguu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: makundi matatu yalipewa michanganyiko hiyo, na la nne likapewa parasetamoli na ibuprofeni bila afyuni yoyote. Baada ya saa mbili maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi yote manne, wala haikuonekana tofauti yenye maana baina yao. Msomaji asivuke mipaka ya jaribio hilo: lilihusu dozi moja na saa mbili tu, wala halisemi lolote juu ya maumivu ya saratani.

Kodeini ina ajabu yake, kwani yenyewe ni dhaifu. Ini hugeuza sehemu yake ndogo, yapata asilimia 10, kuwa mofini, kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho hapati nafuu ya kutosha, hata akisifiwa dawa namna gani. Aliyerithi nakala nyingi za jeni yake hutengeneza mofini upesi mno, hata pumzi ikaweza kukatika. Watu wa namna hii ni wengi zaidi Ethiopia kuliko Ulaya ya Kaskazini. Vifo vya watoto ndivyo vilivyoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2017, iagize kodeini isipewe watoto walio chini ya miaka 12.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoharibu ini ni ile dawa inayodhaniwa kuwa ya upole. Mwili huizoea afyuni, na mgonjwa hutamani kuongeza vidonge. Kila kidonge huja na parasetamoli yake. Wanafunzi wapige hesabu hii. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku. Mgonjwa amemeza vidonge 6 vya mchanganyiko, kila kimoja kina miligramu 500, kisha kwa kutojua akaongeza vidonge 6 vya parasetamoli tupu vya uzito uo huo. Jumla ni gramu 6.

Parasetamoli ikivunjwa hutoa sumu kidogo, ambayo ini huizima kwa glutathioni. Akiba hiyo ikiisha, seli za ini hufa, na mgonjwa huenda asione dalili kubwa siku ya kwanza. Dawa ya kuokoa, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo apelekwe hospitalini hata akijiona mzima.