SOMO: UPINDE WA MVUA JUU YA KANISA KUU

Soma: Mwanzo 9:8–17

Tutazamapo picha ya kanisa la zamani, aghalabu tunasifu mnara tu. Leo tujifunze kuisoma picha kama tusomavyo Neno.

Kanisa Kuu la Salisbury, Uingereza, liliwekwa wakfu mwaka 1258. Mchoraji John Constable alilichora mara nyingi, na picha yake kubwa, akilitazama kutoka malishoni, ilionyeshwa London mwaka 1831. Mbingu ni nyeusi, umeme unapiga karibu na paa, na farasi wanavuta gari majini. Lakini mnara umesimama wima katikati ya mawingu, na upinde wa mvua umelifunika kanisa.

Dhoruba hiyo yatoka wapi? Kwanza, mkewe Maria alifariki mwaka 1828 kwa kifua kikuu, akamwachia watoto saba. Pili, siku zile wengi walidai Kanisa la Uingereza lipunguziwe mamlaka yake, na Constable aliliogopea. Rafiki yake, Kasisi John Fisher wa Salisbury, ndiye aliyemhimiza mwaka 1829 kulichora kanisa hilo. Upinde unashukia penye nyumba ya Fisher, iliyomfariji katika msiba wake.

Hata hivyo, mwaka 1832 Fisher naye alifariki. Je, upinde ulidanganya?

Hasha. Mungu hakumwahidi Nuhu kwamba mvua haitanyesha tena. Aliahidi kwamba gharika haitaharibu tena kila chenye uhai. Tena tuangalie vizuri: Mungu asema kwamba Yeye mwenyewe atautazama upinde na kulikumbuka agano lake. Basi tumaini letu halisimami juu ya macho yetu, ambayo machozi huyafunika, bali juu ya kumbukumbu ya Mungu.

Ndiyo maana Constable hakuliondoa kanisa katika dhoruba. Alilichora ndani yake, likiwa chini ya agano. Nasi tufiwapo, au usharika wetu utikisikapo, tusidhani tumeachwa. Mwenye gari yule bado anavuka maji. Nasi tuendelee na kazi yetu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika Mwanzo 9, ni nani anayekumbuka agano?
2. Ni nani katika mtaa wetu aliye ndani ya dhoruba sasa, na nyumba ya nani itamfariji?