Picha Imeonyesha Kichwa cha Mtoto Kina Maji



Somo letu la leo ni zito kidogo. Tufanye mfano. Wewe ni kijana wa hapa Kemondo. Umeoa mwaka jana. Mke wako ana mimba ya miezi sita, nayo ni ya kwanza. Mmekwenda Bukoba kupiga picha ya altrasaundi. Mganga anatazama kioo muda mrefu. Anauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Anatazama tena. Kisha anawaambia kwamba kichwa cha mtoto kina maji mengi kuliko kawaida, na uti wa mgongo haukujifunga vizuri.

Mnarudi nyumbani bila kusemezana. Jioni watu wamejaa sebuleni. Mmoja anasema hiyo ni laana. Mwingine anasema mke alitoka nje ya ndoa. Wa tatu anamjua mtu mwenye dawa. Hakuna hata mmoja anayeuliza mtoto huyu atazaliwa wapi, na hilo ndilo swali la kwanza.

Tuanze na maji yenyewe. Kila mtu ana maji kichwani. Ubongo huyatengeneza mchana na usiku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo na kuukinga, kisha huingia katika damu. Fikiria mtaro wa barabara wakati wa masika. Ukiziba mahali pamoja, maji hujaa upande wa juu. Kichwani ni vivyo hivyo. Njia ikiziba, maji hujaa na kuubana ubongo. Mifupa ya kichwa cha mtoto haijashikana bado, kwa hiyo kichwa hupanuka.

Mgongo wazi ni jambo jingine, lakini mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe. Siku hizo mama wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na kidonda au uvimbe mgongoni. Miguu yake inaweza kukosa nguvu, na anaweza kushindwa kuzuia mkojo.

Sababu moja kubwa ni mama kukosa vitamini iitwayo foliki asidi tangu kabla ya mimba. Nyingine ni kisukari, na baadhi ya dawa za kifafa. (Mama mwenye kifafa asiache dawa yake ghafla. Amwambie mganga mapema kwamba anataka kuzaa, ili abadilishiwe.) Mara nyingine sababu haionekani kabisa. Lakini kutoka nje ya ndoa hakufungi wala hakufungui mgongo wa mtoto. Wewe bwana ndiye unayepaswa kuwaambia wazazi wako maneno haya. Usimwachie mkeo ajitetee peke yake mbele ya mama mkwe.

Sasa mfanye nini?

Picha moja haitoshi. Ombeni barua ya rufaa mkaonwe na daktari bingwa. Yeye atapima kichwa, atatazama mgongo, moyo na viungo vingine. Safari hii nendeni wote wawili, na bwana aingie ndani. Mabwana wengi huishia chini ya mti nje ya kliniki, wakaletewa habari nusu.

Daktari atawaambia hali ni ya namna gani. Ipo hali moja ambayo ni lazima niitaje, ingawa ni chungu. Mara nyingine fuvu la mtoto halikuundwa kabisa, na sehemu kubwa ya ubongo haipo. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi. Hufia tumboni, au hufariki saa au siku chache baada ya kuzaliwa. Hakuna upasuaji wa kumsaidia. Wazazi hawa wanahitaji ukweli, na wanahitaji mama azae mahali salama. Anayewaambia kuna dawa ya kienyeji ya kurudisha fuvu anawaibia.

Lakini maji ya kichwani na mgongo wazi vina upasuaji. Ndiyo maana nasema picha hii imewapa muda. Mzazi ambaye hakupiga picha huona tatizo siku ya kujifungua, usiku, kijijini. Ninyi mnayo miezi mitatu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama mjamzito apigwe picha hii walau mara moja kabla mimba haijafika wiki 24. Sababu mojawapo ni hii.

Mama huyu asizalie nyumbani, wala kwenye zahanati yetu. Kichwa kikiwa kikubwa kinaweza kukwama, na mama akapasuka mfuko wa uzazi. Azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ikiwezekana, asogee mapema Mwanza, karibu na Hospitali ya Bugando, maana huko ndiko hospitali ya rufaa ya kanda yetu ya Ziwa. Meli ya Mwanza hupita bandarini petu, na mabasi yapo. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mchukue kadi ya kliniki, karatasi ya picha na barua ya rufaa. Fedha zikipungua, mwulizeni ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza shamba.

Mtoto akizaliwa na kidonda mgongoni, alazwe kwa tumbo au kwa ubavu. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kabisa kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Kisipakwe majani, majivu wala mafuta. Upasuaji wa kukifunga hufaa ufanyike katika siku mbili au tatu za kwanza, kabla vijidudu havijaingia.

Kwa maji ya kichwani, madaktari huweka mrija mwembamba chini ya ngozi. Mrija huyashusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni, na mwili huyanyonya. Njia nyingine ni kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate pa kupita. Kazi hii imefanywa sana kwa jirani zetu Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale mwaka 2001. Daktari Benjamin Warf wa Marekani, aliyefanya kazi pale, aliichanganya na kuunguza sehemu inayotengeneza maji, na watoto wengi wakaishi bila mrija.

Mtoto huyu atakuwaje? Akifanyiwa mapema, anaweza kusoma kama wenzake. Wengine hubaki na udhaifu wa miguu au wa akili. Mrija unaweza kuziba. Akitapika mara kwa mara, akilala kupita kiasi, au macho yakigeukia chini, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Tanzania kipo chama cha wazazi wa watoto hawa. Ulizeni habari zake hospitalini. Mzazi aliyekwisha kupitia jambo hili atawafundisha mengi kuliko mimi.

Kuhusu mimba ijayo, msikilize vizuri. Mwaka 1991 wataalamu wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanyika katika nchi 7. Mama waliowahi kupata mtoto wa mgongo wazi walipewa foliki asidi kabla ya kushika mimba tena. Tatizo lilipungua kwa karibu robo tatu. Serikali yetu nayo iliweka kanuni mwaka 2011 kwamba viwanda vitie vitamini hiyo katika unga wa ngano na wa mahindi. Lakini sisi wa Kagera tunakula ndizi, na ndizi haipiti kiwandani. Maharage na mboga za majani zisizochemshwa muda mrefu zina vitamini hiyo, ila kwa mama huyu chakula peke yake hakitoshi. Anahitaji vidonge vya nguvu mara kumi ya vile vya kawaida. Aanze miezi miwili au mitatu kabla ya mimba, aendelee mpaka mimba itimize miezi mitatu. Kwa hiyo baada ya uzazi huu mtumie uzazi wa mpango kwanza, na siku mtakayotaka kuuacha, mpitie kwa mganga mchukue vidonge.