Chakula Melini na Haki za Msafiri wa Ziwa Nyasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Malalamiko mengi ya safari ya meli huanzia tumboni. Mtu alitegemea mapumziko, akapanda na familia yake, akashuka Mbamba Bay akiwa na njaa, amechoka, na ana kisa cha sahani ya wali uliopoa. Majibu yafuatayo yanawahusu wakazi wa Mbinga, Nyasa na mwambao wote wa Ruvuma pamoja na wageni wao. Hayalengi meli moja wala kampuni moja.

Je, safari ya meli hapa kwetu ni kama zile meli za kitalii tunazoziona kwenye televisheni?

Hapana, na pengine hapo ndipo masikitiko mengi yanapoanzia. Meli za kitalii za baharini ni hoteli zinazoelea, na mara nyingi mgeni hulipia chumba, chakula na burudani kwa pamoja. Vyombo vya Ziwa Nyasa vilijengwa kwa usafiri wa umma. MV Mbeya II, iliyoundwa Kyela, hubeba abiria 200 na mizigo tani 200, na meli mbili zilizoitangulia, MV Ruvuma na MV Njombe, ni za mizigo, kila moja tani 1,000. Ng'ambo, upande wa Malawi, MV Ilala imekuwa ikisafiri tangu mwaka 1951, nayo pia ni chombo cha watu na magunia yao, hata kama watalii huipenda. Kwa hiyo mtu akikuuzia "utalii wa meli", muulize jina la chombo, utakaa wapi na utalala wapi kabla ya kutoa fedha.

Nauli yangu inajumuisha chakula?

Usidhani hivyo mpaka uambiwe. Uliza dirishani unapokata tiketi: kuna chakula ndani, kinauzwa saa ngapi, na bei yake ni ipi? Kama umenunua safari kupitia wakala wa utalii na chakula kimo ndani ya bei, idadi ya milo iandikwe kwenye risiti au hati ya malipo.

Niliahidiwa samaki wa kuchoma, nikapewa wali na maharage. Je, nimeonewa?

Inategemea nani aliahidi nini. Wali na maharage si kosa, na chakula kisichokupendeza ulimi si kuvunjiwa haki. Mpishi wa melini ana jiko dogo na chombo kinachoyumba. Kosa ni kutangaza samaki aina ya mbasa kwenye bango, kupokea fedha za mbasa, kisha kutoa maharage kwa bei ileile. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, yaani mnunuzi wa bidhaa au huduma, kuhusu aina na ubora wa kile anachouziwa. Tiketi na hati ya malipo ni ushahidi wa mkataba kati yako na mtoa huduma, hata kama hamkusaini karatasi nyingine yoyote.

Anza kwa kumweleza msimamizi wa huduma mkiwa bado melini, kwa utulivu, kwa sababu mara nyingi jambo huisha hapohapo. Lisipoisha, tunza tiketi, risiti na picha ya tangazo, kisha andika barua fupi kwa aliyekuuzia ukitaja tarehe, chombo, ulichoahidiwa, ulichopata na unachotaka: kurudishiwa sehemu ya fedha au kulipwa kwa namna nyingine. Barua yenye mistari sita iliyo wazi ina nguvu kuliko kurasa tatu za hasira.

Chakula kikiisha katikati ya safari?

Hilo hutokea kwenye chombo chochote kinachochelewa. Meli hupita vituo vingi, Lupingu, Manda, Liuli na vinginevyo, na kupakia au kupakua mizigo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Beba akiba ya mlo mmoja zaidi ya unaodhani utahitaji, hasa kwa mtoto, mjamzito, mzee na mgonjwa wa kisukari.

Ninatoka Mbinga mjini. Nibebe chakula gani?

Swali hili lina uzito, kwa sababu ya safari yenyewe. Unaondoka alfajiri kwenye baridi ya milima ya Umatengo, unashuka kilomita 66 za lami, na ukifika Mbamba Bay umeingia kwenye joto la ziwani. Wali uliopikwa saa kumi usiku na kufungwa ungali wa moto kwenye mfuko wa plastiki utakuwa umeanza kuharibika kabla hujapanda meli. Kanuni inayotumika duniani kote ni hii: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida bila kuhifadhiwa kikiwa moto sana au baridi sana.

Beba vitu vikavu: viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo havijamenywa, mahindi ya kuchoma, chapati kavu, karanga, ndizi, mikate, dagaa wakavu waliokaangwa vizuri. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake. Nyama ya mchuzi, maharage ya nazi na maziwa freshi viacheni nyumbani, au vilieni nyumbani.

Akina mama wanaouza chakula ufukweni na bandarini, tuwaepuke?

La, hasha. Mama lishe anayekaanga samaki mbele yako na kukupa wakiwa moto huenda akawa salama kuliko chakula kilichokaa ndani ya meli tangu asubuhi. Angalia mambo matatu: chakula kimefunikwa, mkono unaopokea fedha sio unaoshika samaki, na maji ya kuoshea sahani hayajageuka rangi. Ila usishuke kwenye mtumbwi mdogo kufuata chakula wakati meli inapakia bila kumwambia mhudumu, kwani wapo walioachwa kwa namna hiyo.

Nitajuaje kama chakula cha melini ni salama?

Funua, angalia, nusa. Mvuke unapaswa kupanda chakula kinapopakuliwa, si uvuguvugu tu. Maharage yenye povu jembamba juu na harufu ya uchachu yameshaharibika, hata yakipashwa moto mara ya pili. Wali unaoteleza na kunata vidoleni kama ute, usiule. Samaki mbichi aliye salama ana macho angavu na matamvua mekundu. Mwenye macho yaliyozama na nyama inayobonyea bila kurudi, mkatae.

Tazama pia mahali. Kuku mbichi na kachumbari kwenye meza moja, kisu kimoja, na kitambaa kimoja kinachofuta vyote: hapo kula kile tu kilichotoka kwenye moto. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ziwa yasiyotibiwa iache, ingawa najua samaki bila kachumbari ni kazi.

Je, mpishi wa melini analazimika kupimwa afya?

Ndiyo. Wote wanaoandaa na kuhudumia chakula kwa umma wanatakiwa kupimwa afya mara kwa mara, utaratibu wa kawaida ukiwa kila baada ya miezi sita, nao huwekwa chini ya usimamizi wa maofisa afya. Abiria ana haki ya kuuliza kwa adabu. Usalama wa chakula kwa ujumla uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopewa jukumu hilo mwaka 2019 baada ya mabadiliko yaliyoiondolea kazi hiyo iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA).

Tunasikia maji ya katikati ya ziwa ni safi, hayahitaji kuchemshwa. Ni kweli?

Ni imani inayoeleweka, kwa sababu maji ya Nyasa ni maangavu kweli na kina chake kinafika takribani mita 700. Lakini vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na ndoo inayochotea imepita mikono mingi. Kunywa maji yaliyochemshwa, yaliyotiwa dawa, au ya chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Kando ya ufuo kuna tatizo lingine, kichocho, ugonjwa unaoingia kupitia ngozi mtu anapokanyaga au kuoga kwenye maji yenye konokono waliobeba vimelea vyake.

Nikitapika melini, ndiyo kusema nimekula sumu?

Si lazima. Kichefuchefu cha mawimbi huanza chombo kinapoyumba, huambatana na kizunguzungu na jasho jembamba, na hupungua ukikaa sehemu ya katikati ya meli penye hewa na kutazama mbali. Madhara ya chakula kibovu mara nyingi huja na kuharisha, maumivu ya tumbo au homa, na huwapata watu kadhaa waliokula chungu kimoja. Kati ya mwezi Mei na Agosti upepo wa kusi, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, hulichafua ziwa sana. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanga safari ya kujifurahisha.

Wapo wanaoshauri kufunga kabisa kabla ya kupanda. Lakini tumbo tupu huongeza kichefuchefu kwa watu wengi. Kula kidogo, kikavu, bila mafuta mengi. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kuzuia kutapika muulize mfamasia, kwani vingine huleta usingizi na havimfai kila mtu.

Ni kweli kwamba samaki na maziwa vikikutana tumboni ni sumu?

Hapana, havigeuki sumu. Mtu akidhurika baada ya kuvila pamoja, sababu huwa ni samaki aliyeoza, maziwa yaliyoharibika, au mzio, yaani mwili wake kukikataa chakula fulani.

Ikienea habari kwamba melini kuna kipindupindu?

Usisambaze mpaka wahudumu wa afya wathibitishe, lakini toa taarifa mapema. Februari 2024 Mauritius iliizuia meli ya kitalii Norwegian Dawn isishushe abiria kwa hofu ya kipindupindu, baada ya watu kadhaa kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha hakikuwa kipindupindu, na abiria wakashuka. Mamlaka zilifanya sawa kuzuia kwanza. Walioharakisha kutangaza ugonjwa ndio waliozidisha hofu.

Mtoto ameanza kuharisha, bandari bado mbali.

Mpe maji ya chumvichumvi ya ORS mara moja, kidogo kidogo, na mama aendelee kunyonyesha. Kama huna pakiti, changanya vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji salama. Mwambie nahodha ili kituo kinachofuata kijiandae. Liuli ina Hospitali ya Mtakatifu Anne, na namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Macho yaliyozama, kinyesi kama maji ya mchele, au mtoto aliyelegea ni dharura.

Nina mzio wa karanga. Na vipi kuhusu nyama halali?

Sema kabla ya kupakuliwa, usingoje kuuliza ukiwa umeshakula, maana mboga za majani hapa mara nyingi huungwa kwa karanga bila kuonekana. Anayehitaji nyama iliyochinjwa kwa taratibu za dini yake anaweza kuuliza imetoka wapi, na akikosa jibu la uhakika, samaki na mboga vinatosha.

Naweza kupika mwenyewe melini kwa jiko la mkaa au mtungi wa gesi?

Usithubutu. Moto ndani ya meli hauna pa kukimbilia.

Kuna hatari gani watu wakijazana kwenye kaunta ya chakula?

Chombo hutegemea uzito uliosambaa sawasawa, hivyo watu wengi kuhamia upande mmoja, iwe kugombea chakula au kushangilia bandari, ni hatari halisi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu wengi kuliko 101 walioruhusiwa. Walikufa zaidi ya watu 220. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya abiria, ujue jaketi okozi lako, yaani vazi la kuelea majini, liko wapi, na chombo kikijaa, shuka. Chakula kizuri si sababu ya kubaki kwenye meli iliyozidiwa.

Safari imeahirishwa. Fedha yangu?

Nahodha akisitisha safari kwa sababu ya upepo, amefanya kazi yake, na hapaswi kushinikizwa. Wewe omba usafirishwe siku nyingine au urudishiwe nauli, na pata jibu kwa maandishi ukiwa na tiketi yako mkononi.

Hatimaye nipeleke wapi malalamiko?

Kwa mtoa huduma kwanza. Ubora na usalama wa huduma za usafiri majini upeleke TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Udanganyifu wa biashara, Tume ya Ushindani. Chakula kibovu, ofisa afya wa halmashauri ya Nyasa au Mbinga, au TBS. Dai la fedha ndogo linaweza kufika Mahakama ya Mwanzo. Chombo kikiwa hatarini, piga 114 au 112 papo hapo. Na ukiugua baada ya mlo, usimwage mabaki: yafunge, yaweke kando, umpe ofisa afya, kwa sababu bila sampuli hiyo hana cha kupima.